Kutoka Hangani Hadi Lunga Lunga

Vijana wa steji ya pikipiki ya Kinango wanapokaa kupanga safari yao ya Februari, hawaanzi na njia. Wanaanza na swali la nani atakaa nyuma. Wa kuongoza hupatikana upesi, maana wenye hamu hiyo ni wengi. Wa mwisho ndiye anayejadiliwa mpaka chai ya rangi inapoa vikombeni. Wengi wa vijana hao walikuwa bado shule ya msingi utaratibu huu ulipozaliwa, na baadhi yao niliwafundisha mwenyewe. Wanaushika vizuri sana, lakini hawakuona ulikotoka. Mimi niliona.

Miaka ya tisini pikipiki za Kinango zilikuwa za kuhesabika. Bwana mifugo alikuwa na Yamaha, na mlio wake uliposikika Ndavaya watu walishajua ni nani, wakaanza kuwafunga ng'ombe wa kudungwa sindano. Sisi wengine tulikuwa na baiskeli au miguu, na matatu ya alfajiri ya kwenda Kwale ambayo ukiikosa, siku imekupotea. Mambo yaligeuka kuanzia 2008 hivi, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, zile zisizofika cc 250. Zikaja Boxer kutoka India na nyingine za Kichina za kila jina. Familia iliuza mbuzi, wajomba wakachanga, kijana akaletewa pikipiki kutoka Mombasa juu ya lori, nailoni bado iko kwenye kiti, na nailoni ile haikutolewa mpaka ilipochanika yenyewe. Haikupita miaka mingi, chini ya mti uliokuwa wa wauza mkaa pakawa steji.

Lakini kwenda kwa msafara hakukuletwa na biashara. Kuliletwa na misiba. Mduruma akifia Mombasa au Ukunda hurudishwa kwao, na kwao ni Makamini, ni Vigurungani, ni ndani kabisa kuelekea Kilibasi, mahali ambapo njia ni ya ng'ombe na mikokoteni. Hangani, yaani matangani, huendi peke yako, wala hukosi. Kwa hiyo jioni ungeona pikipiki zikitoka Kinango moja baada ya nyingine, kila moja na abiria wawili ingawa sheria yataka mmoja, sufuria zimefungwa kwa mipira, gunia la unga, mbuzi mapajani mwa mtu. Hapakuwa na mpangaji. Kila mtu alifuata taa nyekundu iliyo mbele yake, na vumbi lake.

Usiku mmoja wa vuli tulikuwa tunarudi kutoka maziko ng'ambo ya Ndavaya. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo unateleza. Kijana mmoja akakatikiwa na cheni, akabaki. Hakuna aliyejua mpaka tulipofika mjini, tukazima injini, na mama yake, aliyekuwa amebebwa na pikipiki nyingine, akauliza, "Mwanangu yuko wapi?" Tukarudi. Tulimkuta karibu na alfajiri, ameisukuma pikipiki mpaka kwenye boma la watu asiowajua, na nyanya mwenye boma amemwashia moto akae.

Kesho yake mwenyekiti wa steji alimwita mzee mmoja, mchungaji wa tangu utotoni, aje atushauri. Mzee yule hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Alitusikiliza, kisha akauliza, "Ng'ombe mkiwapeleka lamboni, mchungaji hutembea mbele yao?" Hakuongeza neno.

Tangu siku hiyo wa mwisho ndiye mwenye msafara. Ni fundi, au mtu aliyekaa na mafundi: mfukoni ana viungo vya cheni, plagi, waya wa klachi, viraka na gundi, na pampu ameifunga ubavuni. Hampiti mtu yeyote, hata aliyesimama kujisaidia. Njia panda nayo ikapata sheria yake. Anayemfuata kiongozi husimama pale, anawaelekeza wote wanaokuja, na haondoki mpaka amwone wa mwisho. Kwa namna hiyo anayelazimika kuijua njia yote ni mtu mmoja tu. Baadaye nilisoma kwamba kule Uingereza, waendeshaji wanaopita njia za mashambani kwa starehe hutumia utaratibu wa namna hiyohiyo. Nilifurahi sana. Wao waliufikia kwa matembezi, sisi kwa matanga.

Petroli ilikuwa na mafunzo yake. Ukitoka Kinango kuelekea ndani ulitegemea ya chupa, na chupa zenyewe zilipangwa kwenye ubao mbele ya duka, mbili tatu hivi, zikiwaka jua. Mama mmoja wa njia ya Ndavaya aliuza petroli safi kuliko wote niliowajua. Alikuwa na kipande cha kanga alichokikunja mara nne juu ya mdomo wa tangi, akamimina polepole, kisha akakifungua akuonyeshe mchanga na uchafu uliobaki kwenye kitambaa. "Angalia mwenyewe, Mwalimu." Sasa, msafara mkubwa ukimfikia mama kama huyo bila taarifa, unammaliza, na mgonjwa wa kijiji akihitaji kukimbizwa hospitali ya Kinango usiku ule hakuna tone. Jambo hilo lilisemwa wazi steji, na likawa sheria: apelekewe habari siku kadhaa mapema. Zamani habari hiyo ilibebwa na utingo wa matatu. Siku hizi anapigiwa simu, anatumiwa nusu ya pesa kwa M-Pesa, naye anaagiza mtungi wa ziada. Chupa za wanakijiji haziguswi.

Kisha ukaja ugonjwa wa Korona. Aprili 2020 kuingia na kutoka Kwale kulifungwa, pamoja na Mombasa na Kilifi, na mazishi yakaruhusiwa watu 15 tu. Kwetu hilo lilikuwa zito kuliko kafyu. Tulizika watu wetu upesi, kwa hesabu, na wengi tuliowapenda hatukuwafikia. Misafara ikakatika.

Kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021, vijana walikuja na wazo ambalo halijapata kusikika pale steji: twende tu. Pasiwe na maiti, pasiwe na harusi, pasiwe na mwanasiasa anayetulipia mafuta. Tuteremke kwa njia za ndani, Ndavaya, Mwangulu, mpaka Lunga Lunga, tuguse mpaka bila kuvuka kwenda Horohoro, kisha turudi kwa lami ya Msambweni na Ukunda, tupande Kwale na kushuka nyumbani. Wazee wengine waliona ni petroli ya kumwagwa. Mimi niliunga mkono tangu neno la kwanza. Vijana hawa walikuwa wamebeba wafu na wagonjwa kwenye njia zile kwa miaka, na hawakuwahi kuziangalia.

Tukachagua Februari, kwa sababu mito ya msimu imekauka baada ya vuli na masika bado. Ratiba tuliipanga kutoka mwisho. Kati ya Kwale na Kinango barabara inapita karibu na msitu wa Shimba na hifadhi ya Mwaluganje, ambayo tangu 1995 imewatengea tembo nafasi kwenye ardhi iliyotolewa na wakulima wenyewe. Tembo hupenda kuvuka wakati wa magharibi. Kwa hiyo tulisema saa kumi na moja jioni wa mwisho awe ameshapita pale. Basi saa tisa na nusu tuwe Kombani. Basi saa saba tuwe tumekula Lunga Lunga. Na ukizidi kurudi nyuma namna hiyo unajikuta unawasha pikipiki alfajiri, kabla jogoo hajamaliza. Mnazi ukapigwa marufuku mpaka kila mtu alale kwake. Helmeti, leseni, bima, kitambulisho: vyote vilikaguliwa usiku wa kuamkia safari, na cheni ya kila pikipiki ikavutwa kwa kidole kuona inavyolegea.

Tulipokaribia Mwangulu tuliona watu wakitoka majumbani. Wanawake walikuwa wamejifunga kanga kichwani. Mzee mmoja akasimama katikati ya njia, akavua kofia, na kiongozi wetu alipozima injini akaulizwa kwa sauti ya chini, "Ni nani amefariki?"

Hatukuwa tumefikiria. Pikipiki nyingi zikija kwa mstari, taa zimewashwa, maana yake ilikuwa moja tu kwa miaka yote ile. Kiongozi akajibu, "Hakuna, baba. Wote wazima. Tunatembea kuwaona." Yule mzee akarudia maneno hayo kwa waliosimama nyuma yake, na mama mmoja akaketi palepale chini, ameshika kifua, akicheka na kulia kwa pamoja. Nadhani alikuwa na mtoto anayefanya kazi mbali.

Wakatukaribisha maji. Ilikuwa katikati ya ukame ule ambao Septemba 2021 Rais alikuwa ameutangaza kuwa janga la taifa. Njiani tulikuwa tumepita mizoga ya ng'ombe, na wasichana wenye mitungi ya lita 20 wakisubiri kando ya lambo ambalo limebaki tope. Kukataa maji uliyokaribishwa ni kumvunjia mtu heshima. Kunywa sote ni kuwamalizia. Aliyetuvusha pale ni mwenyekiti wetu. Alishuka, akapokea kata kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akasema amekunywa kwa niaba ya vijana wake wote.

Katika habari za misafara ya zamani iliyovuka nyika ya Taru kabla ya reli, kinachotajwa kila mara ni maji yaliyobaki kwenye ngurunga, yale mashimo ya mwamba. Wapagazi walihesabu siku zao kutoka ngurunga moja hadi nyingine. Nilikuwa nikilisoma jambo hilo darasani kama historia. Baada ya Mwangulu tukaliweka kwenye mpango: kila pikipiki hubeba maji ya mwendeshaji wake, na kila pikipiki ya tano hubeba mtungi wa lita 20 unaoachwa pale tunapopumzika. Na siku mbili kabla, wazee wa mitaa yote ya njiani hupigiwa simu waambiwe tunakuja, wangapi, na kwamba hakuna msiba.

Vijana wa sasa wana kundi la simu na ramani kwenye kioo, na sina ugomvi navyo, michango inakusanyika kwa siku moja badala ya mwezi. Ila ramani haijui kwamba mafuriko ya Novemba 2023 yaling'oa vivuko, wala kwamba mtu amezungushia shamba lake miiba mahali palipokuwa njia. Kwa sababu hiyo hatuondoki mpaka wawili watangulie kuipima njia, na mmoja wao lazima awe mtu anayekijua Kiduruma vizuri, maana habari ya korongo utaipata kwa anayechunga mbuzi kando yake.

Mwaka huu kuna ubishi. Kundi moja linataka Lunga Lunga kama kawaida. Jingine, likiongozwa na msichana wa Vigurungani anayeendesha vizuri kuliko kaka zake, linataka tupande Samburu na Taru, tule Mackinnon Road, kisha turudi kwa kuzunguka mlima Kilibasi. Mimi niko upande wake, ila nimemwambia wazi kinachonitia wasiwasi: upande ule nao una tembo, wale wanaotoka Tsavo, na kati ya Mackinnon Road na Ndavaya bado hatuna mtu wa petroli tunayemwamini. Amesema Jumamosi atapanda mwenyewe kwenda kumtafuta, na ameomba kipande cha kanga cha kuchujia.