Mlango wa Shule na Mlango wa Madrasa

Ilikuwa Jumatatu, baada ya Sala ya Alasiri. Waumini walikuwa wamekwisha kutawanyika, nami nilibaki katika chumba kidogo cha ofisi ya msikiti nikiandika stakabadhi za michango ya paa. Mama mmoja wa mtaa wetu, muuza mboga sokoni, alipiga hodi, akasimama kizingitini, asiingie hata nilipomkaribisha. Nyuma yake, chini ya mwarobaini, alisimama binti yake wa kidato cha pili, amevaa sare ya shule, mkoba mgongoni na mtandio mweupe kichwani.

"Ustadh," alisema mama yule, "huyu amerudishwa nyumbani. Ameambiwa asikanyage tena mpaka auvue mtandio, ama mimi nikamtafutie shule nyingine."

Akanikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya kanuni za shule, na mahali palipotajwa mavazi palikuwa pamepigiwa mstari kwa wino mwekundu: hairuhusiwi nyongeza yoyote juu ya sare. Chini kabisa palikuwa na sahihi ya mama mwenyewe, aliyoitia siku alipompeleka mwanawe kujiunga na kidato cha kwanza.

"Nilitia sahihi," alisema kabla sijauliza. "Siku ile ilikuwa ni kutia sahihi au kukosa nafasi. Mwaka jana mzima alikuwa akiuvua langoni asubuhi na kuuvaa tena akitoka jioni. Mwaka huu amesema hawezi tena."

Nilimgeukia binti, nikamuuliza anataka nini. Alitazama chini, kisha akajibu kwa sauti ndogo: "Nataka kurudi kabla ya mtihani wa hisabati. Lakini nisirudi kichwa wazi."

Shule yenyewe ni ya umma, ila ilianzishwa na kanisa, na kanisa hilo lingali mfadhili wake. Wasomaji wa miji mingi ya Kenya wanaijua hali hii vizuri. Watoto wetu husoma humo kwa maelfu, na hatuna budi kushukuru kwamba wapo waliojenga madarasa wakati ambapo sisi hatukujenga. Shukrani hiyo, hata hivyo, haimvulii binti mtandio.

Nilirudi nyumbani na hasira ya mtu aliyesoma, nayo ni hasira mbaya kuliko zote, kwa kuwa hujiona kuwa ni elimu. Usiku ule niliandika barua ya kurasa tatu. Nilitaja Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 32 inampa kila mtu uhuru wa kuidhihirisha dini yake, na inakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa ajili ya imani yake. Nilitaja kifungu cha 27, kinachokataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule unaopita kwa njia ya kuzunguka. Nilitaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo inampa mfadhili wa shule kazi ya kulea mambo ya kiroho, lakini papo hapo inamtaka ailinde dini ya kila asiye wa madhehebu yake.

Kisha nikaifikia kesi ya Isiolo, na hapa nawaomba wasomaji wanivumilie, kwa sababu kesi hiyo husimuliwa visivyo hata kwenye baraza zetu. Mwaka 2014 palitokea mvutano katika shule moja ya kutwa mjini Isiolo, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, juu ya wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa lilikwenda mahakamani kupinga. Machi 2015 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwa upande wa kanisa. Mohamed Fugicha, aliyeingia katika kesi hiyo kuitetea hijabu, alikata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikampa ushindi, ikaona kwamba kanuni moja inayowabana wote sawasawa yaweza kumwonea yule ambaye dini yake inamtaka zaidi. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo.

Tangu siku hiyo watu husema kwamba Mahakama ya Juu ilipiga marufuku hijabu shuleni. Haikufanya hivyo. Ilisema kwamba madai ya Fugicha hayakuletwa kwa utaratibu unaofaa, kwa kuwa yeye aliingia kesini kama mhusika wa kando, wala si kama mdai, na kwamba anayetaka suala hilo liamuliwe alifungue upya Mahakama Kuu. Jaji Jackton Ojwang alitofautiana na wenzake. Suala lenyewe likabaki wazi. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba binti wa Kirastafari aliyefukuzwa shule kwa ajili ya nywele zake arudishwe darasani. Na kabla ya hayo yote, mwaka 2007, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimkubalia msichana wa asili ya Kihindi haki ya kuvaa kipini puani kwa mujibu wa mila na dini ya jamaa zake, ikisema kwamba shule ilipaswa kumwekea ruhusa maalumu.

Haya yote niliyamimina katika kurasa tatu. Asubuhi nikampelekea mwenyekiti wa kamati aitie sahihi. Yeye ni mzee aliyeshona nguo kwa miaka mingi na hakusoma chuo chochote. Aliisoma barua kwa utulivu hadi mwisho, akaikunja, akaniuliza:

"Mwanangu katibu, barua hii umemwandikia mwalimu mkuu, au umewaandikia watakaokusifu siku ya Ijumaa?"

Sikuwa na jibu.

"Kesi ya Isiolo ilikwenda muda gani?" akauliza tena.

Nikamwambia tangu 2014 hadi 2019.

"Basi msichana aliyekuwa kidato cha kwanza ilipoanza, alikwisha maliza kidato cha nne kabla haijakwisha. Mtihani wa hisabati wa binti yetu ni lini?"

Mzee hakusema tusidai haki. Alisema kwamba mahakama iko, na sheria niliyoiandika ni ya kweli, ila mtu huanza kwa kubisha hodi. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, akasema, na mwalimu yule si nyoka.

Tulikwenda watu watatu: mzee, mama mzazi na mimi. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, alitupokea kwa heshima na kutukalisha. Alizungumza kwa uwazi. Hakuwa na chuki, alikuwa na hofu. "Nikimruhusu mmoja leo," alisema, "kesho atakuja mwenye kofia ya rangi aipendayo, keshokutwa mwenye bangili. Kanuni nitaisimamisha wapi? Na mfadhili nitamjibu nini?"

Hapo mzee alitia mkono katika mfuko wa kanzu yake, akatoa kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe usiku, kilichopindwa vizuri pembeni. Akamwomba ruhusa, akakitandaza juu ya meza. Kilikuwa cha kufunika kichwa, shingo na mabega, uso wazi, na kwa mbele kilikatwa kiasi cha kuiacha nembo ya shule ionekane.

"Mwalimu," alisema, "hatukuja kuomba kila binti avae atakalo. Tumekuja kuomba shule yenyewe iandike: rangi hii, urefu huu, namna hii ya kufunga. Hiki nacho kiwe sare. Atakayekivunja, mwadhibu kama avunjaye kanuni nyingine."

Mwalimu mkuu alikishika kile kitambaa, akakigeuza huku na huku. Alisema kwamba hana mamlaka ya kubadili kanuni peke yake, lakini atalipeleka jambo hilo mbele ya Bodi ya Usimamizi, na mpaka Bodi ikae binti arudi darasani na kitambaa hicho. Alirudi siku ya nane tangu afukuzwe. Mtihani wa hisabati ulikuwa umefanywa siku ya saba. Hakupewa mwingine. Na hivi ninavyoandika, Bodi haijaamua.

Jioni ile nilimpitia mama sokoni, nikitarajia, nisiwafiche, neno la shukrani. Alishukuru kwa dhati. Alimhimidi Mwenyezi Mungu na kumwombea mzee. Kisha, huku akifunga mafungu ya sukuma, akasema bila kuninyanyulia macho:

"Na mdogo wake je, Ustadh?"

Nikamuuliza mdogo wake ana nini.

"Yule wa madrasa. Mlimrudisha tangu Shaaban kwa kuwa hana kanzu nyeupe. Nimeona leo mnajua kumtetea mtoto aliyefukuzwa kwa nguo, nikasema niulize."

Ndugu msomaji, tangazo la kanzu nililiandika mimi. Lilitokana na uamuzi wa kamati, kwamba kila mtoto wa kiume aje madrasa na kanzu nyeupe na kofia, na asiyekuwa navyo arudi kwao mpaka apate. Nililipiga muhuri wa msikiti, nikalibandika mlangoni kwa mkono wangu. Tulitaka watoto wetu wapendeze siku ya mashindano ya kusoma Qur'ani. Hatukumuuliza mzazi yeyote kanzu inagharimu siku ngapi za kuuza mboga.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilijaribu kujitetea. Nilijiambia kwamba mambo haya mawili si sawa. Kule binti aliambiwa avue kile anachoamini kuwa ni faradhi, huku mtoto aliambiwa tu avae kilicho kizuri. Hoja hiyo ni sahihi, na ningeweza kuitetea mbele ya masheikh. Lakini mtoto aliyesimama nje ya mlango huku wenzake wakisoma ndani haijui hoja hiyo. Yeye ajua kwamba mlango umefungwa kwa sababu ya nguo. Na la kwetu ni zito zaidi kwa upande mmoja: shule ile haikudai kufundisha Uislamu. Sisi tulidai, na nguo tuliyomfukuzia mtoto haikuwa hata sharti la dini.

Nilikumbuka Surat 'Abasa, ambayo tangu chuoni nimeifasiri mara nyingi mbele ya watu. Wajuzi wa tafsiri wameeleza kwamba ilishuka kwa ajili ya Abdullah bin Umm Maktum, kipofu aliyemjia Mtume (s.a.w.) akitafuta mafunzo, wakati Mtume akishughulika na wakuu wa Kikureshi. Nimelifundisha somo hilo kwa ufasaha. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekuja kwangu akitafuta mafunzo nikamkunjia uso kwa tangazo lenye muhuri.

Katika kikao cha kamati nililieleza jambo hili kama lilivyotokea, pamoja na maneno ya mama sokoni. Si wote waliofurahi. Mjumbe mmoja alisema kwamba tukilegeza, watoto watakuja na fulana za mpira. Nilitambua papo hapo kwamba hayo ndiyo maneno ya mwalimu mkuu, yaliyobadilishwa nguo tu. Mzee mwenyekiti naye aliyatambua, akacheka kidogo, akasema: "Nyani haoni kundule."

Tulikubaliana mambo matatu. Kanzu ibaki kuwa sare ya madrasa. Mtoto yeyote asirudishwe nyumbani kwa ajili ya nguo. Asiyekuwa nayo aingie asome, na kamati ndiyo imtafute mzazi, kwa faragha. Mzee alijitolea kushona, kwa kitambaa kitakachonunuliwa kwa sadaka. Tangazo nililibandua mwenyewe.

Kwa wazazi ambao mabinti zao wanazuiliwa, nasema dai haki yenu ni la halali, msilionee haya. Ziombeni kanuni za shule kwa maandishi. Hifadhini kila barua. Nendeni kwa mwalimu mkuu mkiwa na pendekezo linaloshikika mkononi, kisha Bodi, kisha afisi ya elimu ya kaunti. Mahakama iwe ya mwisho, ila ijulikane kuwa iko. Na kwa wenzangu wa kamati za misikiti, nasema tuitazame milango yetu wenyewe kabla hatujabisha ya wengine.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mlangoni mwa madrasa. Mdogo wake binti yule alikuja akiwa amevaa shati la shule ya msingi lililopauka, akasimama hatua kadhaa kabla ya kizingiti, akingoja kuambiwa. Nilimpisha. Alivua viatu haraka, akakimbilia ndani, akauliza wenzake wamefika sura gani.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyapiga muhuri, na atujaalie milango yetu iwe wazi kwa kila anayetafuta elimu. Amin.