Kutoka Coco hadi Tandale

Jumapili jioni ufukwe wa Coco pale Oysterbay unanukia mihogo. Makarai yamepangwa kando ya Barabara ya Toure, mafuta yanachemka, na upepo wa bahari unasukuma moshi wa mishikaki hadi kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa. Dar es Salaam yote huja hapa kupunga upepo. Waliopanda daladala wapo, na wenye magari ya kifahari wapo.

Karibu na karai moja walisimama vijana kadhaa, wameegemea gari jeupe, refu kuliko kibanda cha muuzaji. Mmoja alivaa jezi iliyopauka na ndala. Ndala zilikuwa mpya kabisa. "Oya mwanangu," alimwambia mwenzake kwa sauti, "sisi watoto wa uswazi, tumesota sana, we acha tu." Simu yake ikaita. Akasogea pembeni, akaongea na mama yake kwa Kiingereza cha taratibu, akaahidi kuwahi chakula cha usiku. Alipokata simu, lafudhi ya kitaa ikarudi palepale.

"Unakaa wapi, mwanangu?" mama wa mihogo alimuuliza huku akimwagia chachandu.

"Tandale, mama."

Mama hakusema kitu. Alipokea noti ya 10,000, akafungua pindo la kanga, akaanza kutafuta chenji.

Mji huu una maneno ya kupimana tangu enzi za ukoloni, ulipogawanywa kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Leo tunasema ushuani, mtoto wa geti kali, familia ya mboga saba; upande wa pili wamo walalahoi na kapuku. Muziki wa kufokafoka ulipoingia nchini miaka ya 1980, wengi waliotangulia kuushika walikuwa vijana wa familia zenye uwezo, waliopata kanda kutoka nje. Baadaye mambo yaligeuka, ikawa msanii haaminiki mpaka aonekane katoka mtaani. Singeli nayo, iliyokulia kwenye ngoma za usiku za uswahilini, sasa inapigwa hadi kwenye kumbi za Masaki, ushuani kwenyewe. Basi watoto wa Masaki wameichukua na misemo yake.

Kutoka Coco hadi Tandale hazifiki kilomita 10. Mwanzo ni kuta tu: nyaya za umeme juu, mabogenivilia yakining'inia, mlinzi kwenye kiti cha plastiki, kisha ukuta tena. Tandale, kwa urefu wa ukuta mmoja wa kule, nilihesabu milango 14. Uchochoro unatosha mtu mmoja na ndoo yake. Ukikutana na mwenzako, mmoja anajibana ukutani. Maji ya kufulia yanapita katikati, meusi, yenye povu. Kuna harufu ya dagaa wanaokaangwa, ya mtaro, ya udi kutoka dirisha fulani. Mabati yamegusana hata jua linashuka vipande vipande.

Kwenye mlango mmoja kijana alikuwa akipiga viatu rangi, shati lake limenyooshwa likanyooka. Alikuwa na simu begani. "Ndiyo, dada. Nakaa Sinza, karibu kabisa na barabara." Alipomaliza aliniona nimemsikia. "Kaka, ukitaja Tandale hawakupigii tena," akasema, akaendelea kusugua kisigino.

Nimewasikia wote wawili wakidanganya wanakokaa, na siwezi kuwaweka kwenye mizani moja. Wa Coco anaazima jina la mtaa kwa jioni moja na halimgharimu kitu. Wa Tandale analificha kwa sababu linamnyima mshahara.

Ndugu zangu wa geti kali, singeli chezeni na misemo semeni, ni mali ya mji mzima. Ila baadhi yenu kesho mtakaa kwenye viti vya wazazi wenu, mkipokea barua za kuomba kazi. Ikifika yenye anwani ya Tandale, isomeni hadi mwisho, na mwenye barua mwiteni kwenye usaili.