Nilikuwa Mtu wa Kujumlisha

Logi za hisabati zilinipita kando nikiwa kidato cha pili. Mwalimu akifungua kitabu cha majedwali, mimi nasubiri kengele. Nilitoka shule nikiamini kwamba kujumlisha na kutoa kunamtosha mwendesha bodaboda wa Voi, na kwa miaka mingi kweli kulinitosha.

Mwaka 2022 ukame ukakaza. Shambani kwetu Sagalla mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini, na yaliyosalia yakaliwa na ndovu waliotoka Tsavo wakitafuta maji. Mjini nako abiria walipungua, maana asiye na pesa ya unga hutembea. Karo ilipodaiwa nikaenda kwa shailoki, mkopeshaji wa mtaani, nikachukua shilingi 20,000 na kumwachia logibuku ya pikipiki. Riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi, na usipoilipa inaingia ndani ya deni. Hilo la mwisho nililisikia kwa masikio tu. Nikapiga hesabu yangu: elfu nne kila mwezi, basi hata nikichelewa mwaka mzima nitadaiwa elfu sitini na nane. Nikaona naweza.

Miezi minne sikulipa kitu. Wa tano nikapeleka elfu nne, wa sita elfu nne nyingine, nikijisifu moyoni kwamba nimeanza kupunguza. Nilipouliza salio nikaambiwa linakaribia elfu hamsini na moja. Nilimwita yule mtu mwizi mbele ya steji nzima. Nyumbani sikusema neno. Mke wangu alikuwa na chama chake cha akina mama, nami nilizoea kukicheka, nikikiita chama cha chai.

Siku moja abiria wangu akawa ni mwalimu yule yule wa hisabati, sasa mstaafu. Nilimwamkia, na njiani kuelekea kwake nikajikuta namweleza yote, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Tulipofika akaniambia nizime pikipiki niingie. Akatoa kitabu chake cha majedwali, kimechakaa pembe zote.

"Mwanangu, hesabu yake ni sawa," akasema. "Mkataba ndio mbaya, na wewe uliukubali."

Akaniandikia. Kila mwezi usiolipa, deni haliongezwi elfu nne. Linazidishwa kwa 1.2. Mwezi unaofuata lile lililokua linazidishwa tena kwa 1.2. Idadi ya miezi inapanda juu na kuwa kipeo. Ukitaka kujua ni miezi mingapi deni litakuwa maradufu, lazima ukishushe kile kipeo, na kazi ya logi ndiyo hiyo. Logi ya 2 ni 0.3010. Logi ya 1.2 ni 0.0792. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: miezi 3.8. Nilipoleta zile elfu nne za kwanza, elfu ishirini zangu zilikuwa zimeshapita elfu arobaini na moja, na riba ya mwezi peke yake ilikuwa zaidi ya elfu nane. Nililipa nusu ya riba nikadhani nalipa deni. Na ule mwaka mzima niliouona mwepesi? Zidisha 0.0792 kwa 12, rudi kwenye jedwali: karibu mara tisa. Shilingi 178,000.

Sikuwa na la kujibu. Mwalimu akaongeza kwamba benki zimewekewa mpaka: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya, kilichoanza kutumika 2007, hakiruhusu riba ya mkopo ulioacha kulipwa kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki. Mimi sikukopa benki.

Kwa kuwa nilikuwa nimewalaani ndovu njia nzima, akanipa zoezi juu yao. Baada ya ujangili wa miaka ya sabini na themanini, hesabu ya 1988 ilikuta ndovu takribani 5,400 katika eneo la Tsavo. Mwaka 2011 wakawa 12,573. Nilihangaika na jedwali hadi chai ikapoa: asilimia 3.7 kwa mwaka, maradufu kila miaka 19 hivi. Kwa mwendo huo, 2021 wangepita 18,000. Waliohesabiwa mwaka huo ni 14,964. Nikadhani nimekosea. Hapana, akasema, ujangili ulirudi katikati. Kipeo hufuata kanuni mradi hali isibadilike, na porini hali hubadilika. Mkataba wa shailoki haujui ukame wala masika.

Jioni ile nilimweleza mke wangu ukweli. Nilitarajia maneno. Alinyamaza, kisha akaenda kwa wenzake, wale wale niliowacheka. Wakanikopesha 50,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi, juu ya salio linalobaki, na mama mkwe akanidhamini. Sikustahili, na hakuna aliyenikumbusha maneno yangu. Malipo ya mwaka mmoja yalitoka shilingi 4,442 kwa mwezi, karibu zile zile elfu nne nilizokuwa nikimpelekea shailoki bila deni kupungua hata senti. Riba yote haikufika elfu tatu na mia nne. Shailoki nilimlipa, nikijazia kilichopungua, nikamwomba radhi kwa lile neno la mwizi, ingawa biashara yake sitaisifu.

Ndugu msomaji, kama umeshika karatasi ya mkopo sasa hivi, tafuta logi ya 1.1 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, uigawanye 0.3010 kwayo. Utapata miezi saba na kidogo. Ni dakika moja, hata kwa mtu aliyekuwa akisubiri kengele.

Siku hizi naweka akiba. Nilipotafuta lini itakuwa maradufu kwa asilimia 8 kwa mwaka, jedwali likanipa miaka 9. Deni lilifanya kazi hiyo kwa miezi isiyofika minne. Nilianza 2024, nikijaliwa, 2033 nitakuwa nimefika.