1, 2, 4, 8, 16... halafu?

Leo naomba mchukue kalamu na karatasi kwanza, kompyuta itangoja.

Chora duara. Weka nukta 2 kwenye ukingo wake, uziunganishe kwa mstari ulionyooka. Duara limegawanyika vipande 2. Weka nukta 3, kila moja uiunganishe na zote nyingine: vipande 4. Nukta 4 zinatoa vipande 8, nukta 5 vipande 16. Je, nukta 6?

Kama umejibu 32 bila kuchora, karibu kundini. Ni 31. Mimi nilihesabu mara tatu nikidhani macho yangu yana kasoro. (Usizipange nukta 6 kwa nafasi sawasawa, maana mistari mitatu itapitia mahali pamoja katikati nawe utapata 30.)

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 2019 mama yangu aliniomba niwaandikie programu ya kuweka hesabu za chama chao. Mweka hazina akanipa daftari. Nikaangalia faini za waliochelewesha mchango: mara ya kwanza shilingi 50, ya pili 100, ya tatu 200. Nikatabasamu. Faini inaongezeka maradufu! Mstari mmoja tu wa programu, kazi kwisha. Niliijaribu kwa rekodi zote za daftari na kila jibu likalingana. Sikujiuliza kwa nini: hakuna mtu katika daftari lile aliyewahi kuchelewa zaidi ya mara tatu.

Baadaye mama mmoja anayeuza omena aliuguliwa na mtoto, akachelewa miezi sita mfululizo. Programu ikatoa deni lake la faini: 3,150. Mweka hazina akalisoma mbele ya wanachama wote, kwani kompyuta hukosea? Yule mama hakusema kitu. Alichukua kikapu chake akaondoka.

Jioni mama akanipigia simu. "Wewe, nani alikwambia faini inapita 200?"

Sheria ilikuwa kwamba kuanzia mara ya tatu faini ni 200, haipandi tena. Deni halali lilikuwa 950. Iliandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari, ukurasa ambao niliuruka nikikimbilia nambari.

Turudi kwenye duara, maana nalo lina ukurasa wake wa kwanza. Duara tupu ni kipande 1. Ukichora mstari mpya unaokata mistari mitatu, unapita ndani ya vipande vinne na kukipasua kila kimoja. Yaani kila mstari unaongeza kipande 1, na kila makutano yanaongeza 1 zaidi. Na makutano? Kila nukta 4 utakazochagua zinatoa makutano 1 tu ndani ya duara. Nukta 5: mistari 10, makutano 5, jumla 16. Nukta 6: mistari 15, makutano 15, jumla 31. Hakuna kuongezeka maradufu popote humo, ni nambari ndogo tu zilizofanana kwa muda. Ukifika nukta 10 unapata 256, nambari ya ule mpangilio wa maradufu tena, kana kwamba duara linakucheka.

Euler naye alitoa mfano mkali zaidi mwaka 1772. Ukiuandika hivi: n mara n, jumlisha n, jumlisha 41, basi kuanzia 0 hadi 39 unapata nambari tasa tupu. Majaribio 40, yote yamepita! Programu yangu ya faini haikujaribiwa hata robo ya hivyo. Lakini weka 40: 40 mara 40 ukijumlisha 40 ni 40 mara 41. Ongeza 41 nyingine, unapata 41 mara 41. Si tasa, na hukuhitaji hata kikokotoo kuliona hilo.

Jumamosi nilikwenda sokoni. "Mama, kosa ni langu, si la chama."

Akaniangalia. "Kijana wangu, hiyo 3,150 uliitoa wapi?"

Nikaomba kipande cha gazeti la kufungia omena, nikachora duara pembeni na nukta zake 6. Akahesabu taratibu kwa ncha ya kidole, akaacha mteja akingoja.

"Thelathini na moja," akasema. "Na wewe ulisomea haya chuoni?"

Alilipa 950 mkutano uliofuata.