Kabla Hujauza Ng'ombe

Mpwapwa

Mpwa wangu mpendwa,

 Nimesikia kwa watu wa mnadani, wala si kwako, kwamba unataka kuuza ng'ombe wawili ununue bunduki ya Kijerumani ya kupulizia rangi kwa ajili ya gereji yenu ya Kizota, Dodoma. Kupata habari za nyumbani kwa watu baki kumeniuma, ila hilo tutaliongea uso kwa uso. Leo nina neno la ng'ombe.

Kinachopasua rangi ikawa ukungu ni hewa, na hewa haitoki kwenye bunduki, inatoka kwenye kompresa. Bunduki za HVLP, yaani za hewa nyingi na presha ndogo, zina sifa yao ya haki: presha inayotoka kichwani mwa bunduki haizidi pauni 10 kwa inchi ya mraba, kwa hiyo rangi hukaa kwenye bati badala ya kurudi na upepo. Lakini zinakula hewa. Hizo za Kijerumani za SATA unazozitamani zinataka lita zipatazo 430 kwa dakika, wakati kompresa ndogo ya tangi la lita 50 na mota ya nguvu-farasi 2 hutoa kama lita 200 tu, tena kwa shida. Na Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi, basi kompresa ileile inavuta pungufu. Nusu ya boneti itang'aa kama kioo. Ukifika nusu ya pili presha imeshuka, matone yamenenepa, rangi imefanya ganda la chungwa. Utasema utaongeza tangi. Tangi ni ghala tu, nalo hujazwa na pampu ileile. Ndiyo maana nasema nunua bunduki ya bei nafuu inayokula hewa kidogo, aina ya LVLP, yenye nozeli ya milimita 1.3 au 1.4 kwa rangi na klia. Kwa praima tafuta nyingine ya 1.7 au 1.8. Usilipe kabla hujauliza kama sindano na nozeli za akiba zinapatikana dukani, na kabla hujaipuliza kwenye boksi ukaona alama ndefu, iliyo sawa juu na chini. Kiangazi tumia thina ya kukauka polepole, upulize asubuhi kabla upepo haujainua vumbi. Maji ya tangi yatoe kila jioni.

Fedha itakayobaki, kinunulie kifua chako kinga. Daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, Marekani, alianzisha mwaka 1888 kampuni ya vipulizio vya dawa ya kooni. Mwaka 1907 mwanawe Thomas akaunda bunduki ya kupulizia rangi kwa njia ileile. Chombo unachokitaka, basi, asili yake ni kufikisha majimaji kooni mwa mtu, na kazi hiyo hakijaiacha. Hadina, yaani kigumishi, ya rangi za kuchanganya kopo mbili ina isosayaneti, nayo huleta pumu. Ikishakushika, hata kiasi kidogo kinatosha kukubana pumzi, na ufundi wako umeishia hapo. Uingereza, wasimamizi wa usalama kazini wanasema wapuliza rangi za magari wana hatari ya pumu iliyo kubwa mara 80 kuliko ya wafanyakazi wengine. Utanijibu kwamba mafundi wakongwe walipuliza bila kufunika pua na wakazeeka. Rangi yao ya NC (nitroselulosi), ambayo nayo si salama, hukauka kwa thina kuruka tu, haina hadina hiyo. Huwezi kupima hatari ya rangi moja kwa nyingine. Kitambaa hakizuii mvuke, na kichujio cha mkaa huchoka bila harufu ya kukuonya. Kinga ya kweli ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, yenye vichujio vya hewa ya kupumua. Nayo inataka hewa, kwa hiyo tumerudi palepale kwenye kompresa. Mpaka uipate, baki na NC, uvae barakoa ya kichujio na milango iwe wazi.

Ng'ombe mmoja labda nitakubali, kwa ajili ya kompresa na barakoa. Wa pili, hapana. Baba yako aliwahi kuuza bila kuniuliza na sijasahau. Soma kibao cha kompresa mliyonayo, uniandikie inatoa lita ngapi kwa dakika, kabla ya mnada ujao.

Mjomba wako