Masisi na Walikale: Karibu kwa Ndege, Mbali kwa Miguu

Wanafunzi hupenda kupima ramani kwa rula, nayo ni mazoezi mema. Wakiiweka rula kati ya Masisi na Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, watapata kilomita 85 hivi kwa mstari ulionyooka kuelekea magharibi. Ndege ndogo iendayo kilomita 250 kwa saa ingeuvuka umbali huo kwa dakika 20. Chungu cha maharagwe kingekuwa hakijaiva bado.

Lakini mwanadamu hana mabawa. Njia ipitayo Nyabiondo, Kashebere na Kibua huteremka kutoka milima ya malisho ya ng'ombe hata kuingia msitu mkubwa wenye joto. Mvua ikinyesha, udongo huwa utelezi. Daraja la miti likivunjika, gari husimama. Ndipo pikipiki hushika kazi ya gari, na miguu hushika kazi ya pikipiki. Mtu mwenye mzigo, akienda kilomita 25 kwa siku, atahitaji siku nne au zaidi, kwa kuwa njia huuzunguka mlima, haiutoboi.

Je, ndege hazikupata kufika? Zilifika. Katika miaka ya 2000, huko Kilambo, upande wa Walikale, ndege zilitua juu ya barabara ya lami yenyewe, zikapakia mawe ya bati yaliyochimbwa Bisie na kuyapeleka Goma. Ndege hufuata mali. Mgonjwa wa kijijini hubebwa kwa machela. Tena vita huongeza umbali. Waasi wa M23 waliingia Masisi mwezi wa Januari 2025, na Walikale mwezi wa Machi mwaka ule ule. Uwanja wa ndege wa Goma nao ulifungwa Januari hiyo. Kilomita hazikuongezeka hata moja, lakini safari ilirefuka.

Dada yangu aliolewa upande wa Walikale. Baba yetu alipofariki huku Masisi, habari ilimfikia kwa simu kabla jua halijatua. Yeye mwenyewe alifika siku ya sita, miguu imevimba, matanga yamekwisha kuondolewa. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kaburi liko wapi, akaenda peke yake. Tangu siku hiyo mimi sipimi tena umbali kwa kilomita.

Kwa hiyo, ninyi wazazi, mkimtuma mtoto safari, msiulize kwanza ni mbali kiasi gani. Ulizeni habari za mvua, daraja na usalama. Mama mjamzito akae karibu na hospitali mapema, asingoje uchungu umkute njiani. Nanyi wanaume wa vijiji vya kandokando ya njia, mkiitwa kwenda salongo kutengeneza daraja, msiseme, "Hilo ni la wenye magari." Juu ya miti ile hupita chumvi yenu, mgonjwa wenu, na binti yenu anayekuja kumzika babaye.