Banda la kuku si bedsita (bado)

Wasee, wacha niwaambie nilikaribia kufanya nini. Nilipoacha chuo, mathe aliniachia banda lake la kuku hapa Kiambu. Chakula cha kuku kilikuwa kimepanda bei hadi akauza wote. Fundi akapiga hesabu dakika mbili: gawa na mbao, piga rangi, vyumba vinne, kodi kila mwezi. Nikajiona landilodi.

Kumbe kubadilisha tu matumizi ya jengo kunahitaji kibali cha kaunti, sawa na kujenga. Iko kwa sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Ukianza bila kibali, faini ni hadi shilingi 500,000, au jela hadi miezi miwili, au zote mbili. Lakini wasipokujibu kwa maandishi ndani ya siku 60, inahesabika wamekubali. Hiyo nilisoma mara tatu.

Nilikasirika. Nusu milioni, na mimi hata elfu tano sina? Halafu nikaamua kulala humo usiku mmoja, nijaribu. Juu ni mabati matupu. Upande mmoja ni waya, na ukiziba waya hakuna hewa. Sakafu bado inanuka kuku. Saa nane usiku nikatoka nje na blanketi. Na humo ndimo nilitaka kuweka mtu na mtoto wake, tena anilipe.

Ombi sijapeleka. Mbao ziko nyuma ya choo, zinanyeshewa. Fundi ananipigia kila Ijumaa. Mathe hajui nililala bandani, anadhani nilikuwa tao.